Stika ya Manjano kwenye Tumbo la Laptop

Hakuna kifaa chenye waya kinachoweza kunishangaza mimi. Nimefungua redio nikakuta panya amezaa ndani, watoto sita, wote wazima, na redio inaendelea kusoma taarifa ya habari. Nimefungua televisheni ya mtu wa Nyamuswa aliyelalamika kwamba inanuka, nikatoa mjusi aliyekauka vizuri kuliko dagaa wa Mugango. Nimefungua laptop ya mwalimu nikakuta ugali kwenye feni. Ugali, jamani. Siyo punje, tonge. Kwa hiyo ninyi vijana mliorithi meza yangu hapa njia ya Buhare mkiniuliza, "Mzee Masatu, miaka yote hiyo, ni kitu gani kilikushinda?" nimekuwaga nawajibu kwamba hakipo. Sasa nimestaafu, macho yameanza kukataa skrubu ndogo, na mmeniomba niandike. Basi nitaandika yote, pamoja na ile ya laptop ya Mama Wakuru, ambayo nilikuwa nimepanga kufa nayo.

Shule niliishia darasa la saba, na hilo darasa la saba nililimaliza kwa sababu lilikuwa la mwisho. Ufundi ulinianza nyumbani Mugango. Redio ya baba ilianguka ziwani kutoka kwenye mtumbwi, wakaivua kama samaki. Kila mtu alisema imekufa. Mimi nikaifungua kwa kisu cha kuparulia sangara, nikaitandaza vipande vipande kwenye chanja cha dagaa, jua likaipiga siku mbili. Nikaifunga. Ikaimba. Ilinuka dagaa mpaka mwisho wa maisha yake, na paka wa jirani alikuwa anakujaga kukaa chini yake kila ikiwashwa, lakini iliimba. Baba akasema mbele ya watu, "Huyu ni fundi." Maskini baba, hakujua amewasha moto gani. Tangu siku hiyo sifa nilizisikia vizuri sana, na maneno mengine yote niliyasikia kwa mbali.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ramadhani wa Bunda, fundi wa redio na saa. Mtu mfupi, mpole, kofia ya kudarizi kichwani na kipande cha penseli juu ya sikio la kulia. Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe nikitegemea nitapewa pasi ya kuchomelea lehemu. Alinipa karatasi.

"Chora."

"Nichore nini, mzee?"

"Kila skrubu utakayotoa, chora imetoka wapi."

Wiki tatu nilichora skrubu. Wenzangu wa Mugango walikuwa wameshaanza kuvua na kuoa, mimi nachora skrubu Bunda. Na alikuwa na tabia nyingine iliyonichosha zaidi. Kabla hajasafisha kitu chochote, alikigeuza, akasoma kila namba na kila karatasi iliyobandikwa, kisha akafungua kifuniko na kuandika ndani yake, kwa penseli, herufi ndogo kama mayai ya chawa: siku, alichogusa, alichokikuta, na zile namba za nje.

Nikamuuliza, "Sasa mzee, kwa nini uandike ndani? Mteja haoni."

"Simwandikii mteja," akasema. "Namwandikia fundi atakayefungua baada yangu. Saa nyingine ni mimi mwenyewe, nimesahau."

Nilimheshimu sana mzee yule, lakini moyoni nilisema hapa biashara hakuna. Mtu anafanya kazi nzuri halafu anaificha tumboni!

Nilipohamia Musoma na kufungua kibanda changu, nikarekebisha hiyo kasoro. Nilichapisha stika, manjano yenye maandishi mekundu: FUNDI MASATU – HASHINDWI. Nilichapisha nyingi kiasi kwamba mchapaji aliniuliza kama nagombea udiwani. Kila kifaa kilichotoka mezani kwangu kilioshwa kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi, mpaka kikang'aa, kisha kikabandikwa stika palipo pana na pasafi. Kwenye redio, mgongoni. Kwenye laptop, tumboni. Zipo laptop nne mjini hapa ukizigeuza unaona jina langu vizuri kuliko la kampuni iliyozitengeneza.

Kompyuta nilijifunza mwenyewe, na hapo sijisifu zaidi ya inavyostahili, najisifu kiasi kilekile. Kiingereza chake sikukijua kwa maneno, nilikijua kwa mahali. Kitufe cha kulia chini ni endelea. Cha pembeni yake ni ghairi. Kitufe kikubwa cha katikati ndicho wanachotaka ubonyeze. Maandishi madogo ya pembeni ni ya wanasheria, usihangaike nayo. Kwa elimu hiyo nimefufua kompyuta za watu wazima wenye shahada, wakanipa mkono wa pongezi, nami nikaupokea kama mtu aliyezoea.

Kuna vitu vidogo nawaachia hapa kabla sijafika kwenye aibu. Mswaki wa mtoto mchanga ndio brashi bora ya feni, ule wa mtu mzima unakwaruza. Vumbi la msimu wa wadudu wa ziwani halipulizwi kwa mdomo, lina mafuta, litakurudia machoni. Mteja akisema "sijaigusa", anza na pale alipogusa. Na laptop iliyonywa chai ya maziwa ni mgonjwa mbaya kuliko iliyonywa maji ya ziwa. Hili nawaambia kama mtu aliyeanzia ziwani.

Sasa, Mama Wakuru.

Huyu mama ni fundi cherehani wa Butiama, mwenye mashine ya kudarizi ya kompyuta, ile unaiwekea picha nayo inashona yenyewe. Anashona nembo za sare za shule. Mashine yenyewe haina akili. Akili iko kwenye laptop moja nzee nyeusi, ndani ya programu moja iliyokuja na mashine, na programu hiyo inakaa kwenye Windows ya zamani tu. Mara ya kwanza alinijia miaka tisa nyuma. Laptop ilikuwa imejaa virusi kutoka kwenye flashi za nyimbo za kwaya. Nikamwambia, mama, nitakujengea chumba cha pili. Nikamwekea Linux, mfumo mwingine usiosumbuliwa na virusi vile, pembeni ya Windows: huku utafungua flashi za watu, huku utadarizi. Nilijiona mhandisi. Mzee Ramadhani siku hiyo alikuwa Musoma kwa ajili ya macho yake, amekaa kwenye stuli yangu akinywa chai. Akaniomba aitazame laptop ile kabla sijaiosha. Nikampa, nikaenda kuongea na mteja mwingine kuhusu uhodari wangu. Niliporudi alikuwa amenirudishia mezani, penseli juu ya sikio. Nikaiosha kwa thina, nikabandika stika tumboni, Mama Wakuru akaondoka nayo.

Kumbe nilikuwa nimempa mateso ya miaka tisa. Laptop yenye vyumba viwili ina bawabu mlangoni. Ukiwasha, anakuuliza unaenda chumba gani, anakuhesabia sekunde kumi, ukinyamaza anakupeleka Linux. Na betri yake ilikuwa imekufa. Kwa hiyo kila umeme unapokatika katikati ya nembo, ukirudi, mama wa watu anaruka kutoka kwenye cherehani, anakimbilia laptop kubonyeza mshale kabla bawabu hajachoka. Akichelewa, anasubiri Linux ifunguke yote, aizime, aanze upya.

Akaja kwangu Jumanne moja asubuhi, mwaka huu huu, wiki kabla shule hazijafunguliwa.

"Fundi, shikamoo ya asubuhi sikupi, wewe ni mdogo wangu. Nimekuja ubomoe."

"Nibomoe nini tena, Mama Wakuru?"

"Hicho chumba chako. Nataka iwe kama ilivyokuwaga siku ya kwanza. Nikiwasha, inipeleke kwangu. Miaka tisa nakimbia, mguu wangu sasa haukimbii."

"Nusu saa," nikasema. "Kunywa chai."

"Fundi, nisikilize. Nembo mia mbili na arobaini zimebaki. Nashona sitini kwa siku. Ijumaa jioni mwalimu mkuu anakuja kuzichukua. Akizikosa, mwakani kazi anawapa watu wa mjini na mimi nabaki kupunguza suruali."

"Mama, soma hapo," nikamwambia, nikageuza laptop kumwonyesha stika.

"Nimeisoma miaka tisa," akasema.

Naeleza kitaalamu ili yasiwapate. Yule bawabu amesimama mlangoni, lakini akili yake inalala kwenye chumba cha pili. Kwanza unatakiwa kumrudisha bawabu wa zamani wa Windows mlangoni, halafu ndiyo unabomoa. Ukibomoa kwanza, bawabu anabaki amesimama pale bila akili, hamruhusu mtu kuingia popote. Mimi nilibomoa kwanza. Nikafuta chumba chote cha Linux kwa mbwembwe, nikazima, nikawasha, nikamgeuzia Mama Wakuru kioo aone maajabu.

Kioo cheusi. Mstari mmoja wa maandishi meupe, na kidoti kinachopepesa.

"Ndiyo kwangu hapo?" akauliza.

"Inajipanga."

"Inajipanga nini?"

"Mama, kunywa chai."

Mtu mwingine angetulia. Dawa ilikuwepo droo ya pili, diski ya Windows ileile ya zamani. Niliiweka, ikafunguka, na hapo ndipo elimu yangu ya mahali ilipokuja kunilipa. Katikati ya kioo palikuwa na kitufe kikubwa cha kusakinisha upya. Chini kabisa, upande wa kushoto, kwa maandishi madogo ya wanasheria, palikuwa na neno la kutengeneza iliyopo. Mimi nilibonyeza kikubwa. Ikaniuliza maswali matatu, nikayajibu yote kulia chini. Baada ya dakika arobaini laptop ikafunguka Windows safi, mlango mmoja, bila bawabu, kama siku ya kwanza. Kwa kweli kabisa kama siku ya kwanza: haikuwa na kitu. Hata programu ya kudarizi haikuwepo.

Mama Wakuru alikikagua kioo kile cha bluu pembe zote nne.

"Picha zangu za nembo?"

Nikaanza kupangusa kibodi kwa kona ya shati.

Akaingiza mkono shingoni, akavuta kamba, akatoa flashi. "Zinakaaga hapa. Nilikutana na wewe miaka tisa iliyopita, nikajifunza."

Nilifurahi sana kutukanwa vile. Na diski ya programu alikuwa nayo pia, imefungwa kwenye kipande cha kitenge. Nikaisakinisha, nikaanza kurudi kwenye hali yangu ya kawaida, hata nikapiga mluzi. Mwishoni programu ikaomba namba. Tarakimu na herufi ishirini.

"Namba iko wapi, mama?"

"Ipo tumboni. Aliyeniuzia aliniambia imebandikwa chini, kikaratasi cheupe, nisiiondoe kamwe."

Tukageuza laptop. Tumboni palikuwa na FUNDI MASATU – HASHINDWI, manjano na nyekundu, imeshika kama ilibandikwa jana. Hakukuwa na kikaratasi kingine popote. Nikaichokonoa stika yangu kwa kucha. Chini yake kikaratasi cheupe kilikuwepo. Cheupe kweli. Thina yangu ilikuwa imekiosha miaka tisa iliyopita, zimebaki herufi mbili na nusu.

Nikajaribu kuibandua stika iliyonigandia kidoleni, ikahamia kidole kingine.

"Fundi," akasema Mama Wakuru, kwa sauti ya chini ambayo sikuipenda, "ulifunika namba yangu kwa jina lako?"

"Kwanza niliifuta, mama. Halafu ndiyo nikaifunika."

Hakucheka. Alikaa kwenye ile stuli, akavua kiatu cha mguu unaomuuma, akaanza kuusugua. Tulipiga simu ya aliyemuuzia mashine, namba haipatikani. Nikapiga kwa mafundi wenzangu watatu, wote wakanipa namba zao za mtaani, programu ikazikataa zote, na wote watatu wakataka kujua kwa nini Masatu anauliza. Mchana ukapita. Nembo sitini za siku hiyo zikapita nao.

Jumatano asubuhi nikaamua kwenda Bunda kwa Mzee Ramadhani. Sikwenda kwa sababu nilikumbuka kitu, msinipe sifa hiyo. Nilikwenda kama mtoto aliyevunja chungu anavyokwenda kwa bibi. Nilimwambia Mama Wakuru abaki, nitarudi na jibu.

"Laptop yangu haitembei na wewe peke yako," akasema, akaibeba mwenyewe.

Mzee Ramadhani siku hizi haoni karibu, lakini bado anakaa mezani kwake Bunda, watu wanamletea saa azisikilize tu. Anaiweka saa sikioni, anasema, "Springi," anairudisha. Nikamsalimia, nikakaa chini kuliko yeye, nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa mara ya kwanza bila kuweka chumvi, maana Mama Wakuru alikuwa pembeni na alikuwa tayari kunisahihisha.

"Umefuta bila kuandika," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na kifuniko kidogo cha chini umefungua?"

"Tatizo siyo la ndani, mzee. Ni la programu. Bisibisi sijaigusa kabisa."

"Sikukuuliza tatizo liko wapi. Mama, nipe hiyo."

Akaipapasa tumbo laptop kwa vidole, akakuta zile skrubu mbili za kifuniko cha chipu za kumbukumbu, akazifungua yeye mwenyewe bila kuziona, moja, ya pili, akaziweka mezani zimekaa kama zilivyokaa. Akageuza kifuniko, akampa Mama Wakuru.

"Macho yangu yamechoka. Nisomee."

Mama Wakuru akakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Ndani ya kifuniko palikuwa na maandishi ya penseli, madogo kama mayai ya chawa. Akasoma polepole, mimi nikiandika kwenye kiganja: herufi na tarakimu ishirini, zote. Halafu akakisogeza karibu zaidi na macho.

"Kuna maneno mengine hapa chini," akasema.

"Yasome tu, mama," mzee akasema.

"'Nimenakili namba ya nje kabla Masatu hajaiosha. Ataitafuta.'"

Hapo ndipo Mama Wakuru alipocheka. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, watu wa duka la pili wakatoka kutazama kuna nini. Nilisubiri amalize. Alianza tena.

"Mzee," akamuuliza akifuta machozi, "kwani ulijuaje kama itafika huku?"

"Sikujua," mzee akasema. "Namjua."

Tulikwenda Butiama kwenye mashine yake mchana uleule. Niliingiza namba nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti alikalia yeye. Programu ikafunguka, akaweka flashi, mashine ikapiga nembo ya kwanza. Nikazima laptop, nikawasha tena, nikazima, nikawasha. Ikaenda kwake moja kwa moja, haikuuliza mtu. Hapo alinitazama vizuri kidogo.

Lakini siku mbili zilikuwa zimekwenda. Nembo mia moja na ishirini hazikuwa na siku ya kushonwa. Nikampigia mwanamke mmoja wa Bunda mwenye mashine kama ile, akakubali kuzishona kwa bei yake, nami nikakubali bila kubishana, jambo ambalo wanaonifahamu watalishangaa. Ijumaa jioni mwalimu mkuu alihesabu nembo mia mbili na arobaini, akatia sahihi, akasema zimetoka vizuri. Mama Wakuru akamjibu, "Mwakani tena, mwalimu," naye akasema haya.

Mwalimu alipoondoka nikatoa stika mfukoni kwa mazoea. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

"Hiyo iweke mezani," Mama Wakuru akasema. "Andika ndani."

Nikafungua zile skrubu mbili. Chini ya maandishi ya mzee bado palikuwa na nafasi, na nikaandika siku, kwa penseli niliyokimbilia kununua dukani, na hivi: Masatu. Nimebomoa kabla ya kumrudisha bawabu. Neno la kutengeneza liko chini kushoto, maandishi madogo. Niliandika polepole kwa sababu ya udogo wa herufi, siyo kwa sababu nyingine.

Nilifunga kibanda miezi mitatu baadaye. Nawaambiaga watu ni macho, na kweli ni macho. Stika zilizobaki ziko kwenye boksi chini ya meza yenu. Zinafaa kuziba matundu ya bati, gundi yake haijawahi kuniangusha. Mkitaka kujua kazi ile ya nusu saa ilinigharimu kiasi gani, nimejumlisha mara mbili: nembo za mama wa Bunda, nauli za watu wawili kwenda na kurudi, bodaboda, na wali samaki aliodai Mama Wakuru kwa ajili ya mguu wake. Shilingi elfu themanini na moja na mia tatu. Hizo mia tatu ni za penseli.